Nyumba, Deni na Haki ya Jirani Aliyekwama

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Enyi ndugu zetu Waislamu, katika Suratun-Nahl Mwenyezi Mungu ametukumbusha kuwa nyumba ni miongoni mwa neema Zake juu ya waja, mahali pa kutulia na kusitirika. Leo katika miji yetu ya pwani neema hii imekuwa nzito kuipata na nzito kuihifadhi. Kijana aoa, akaingia chumba cha kupanga na asitoke. Na mzee aliyejenga kwa jasho lake aona nyumba yake ikinadiwa kwa deni. Basi watu huuliza mambo matatu: Serikali yasaidia nini? Sharia yaruhusu nini? Na sisi majirani twadaiwa nini? Darsa hii yataka kuyajibu kwa mpango huo.

Jambo la kwanza: Msaada wa Serikali

Makato ya nyumba yaliletwa na Sheria ya Fedha ya 2023. Mahakama Kuu ikayabatilisha mwezi wa Novemba mwaka ule ule, kisha yakarudi kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024. Kwa sheria hiyo mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake wote, na mwajiri wake hutoa kiasi kama hicho. Nyumba nazo zimegawanywa kwa kipato: ziko za wenye kipato kisichofika shilingi 20,000 kwa mwezi, ziko za wenye kipato cha 20,000 hadi 149,000, na ziko za waliopita hapo. Mwenye haja hujiandikisha katika mpango uitwao Boma Yangu, akaweka akiba kidogo kidogo ya kutimiza amana.

Kadhalika, anayenunua nyumba yake ya kwanza katika mpango huu husamehewa ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani. Kwa nyumba ya shilingi milioni 2, huo ni msamaha wa shilingi 80,000. Si kitu cha kudharau.

Twaona watu wetu wengi wakikatwa kila mwezi huku wakinung'unika, wala hawaendi hata kuuliza. Kunung'unika hakujengi ukuta. Haki usiyoifuata huchukuliwa na aliyeifuata.

Na hapa pwani lipo jambo jingine la kutahadhari. Mombasa tuna desturi kongwe ya nyumba bila ardhi: mwenye nyumba amiliki kuta na paa, na kiwanja ni cha mtu mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Basi asinunue mtu kwa maneno ya dalali. Aende kwanza afisi ya ardhi, atazame hati ni ya nani na ina rehani ya nani, ndipo atoe pesa yake.

Jambo la pili: Hukumu ya Sharia

Kusamehewa ushuru, au kuuziwa na Serikali kwa bei ya chini, ni halali isiyo na shaka. Huo ni msaada wa mtawala kwa raia. Penye mas-ala ni katika namna ya kulipa. Ukisoma mkataba ukakuta deni laongezwa faida ya kila mwaka kwa ajili ya muda, hiyo ni riba, iwe mdai ni benki au ni Serikali. Uchache wa kiasi haubadilishi jina.

Wako wanaosema, “Nyumba ni dharura, na dharura huhalalisha.” Majmaa ya Fiqhi ya Jeddah ililitazama jambo hili mwaka 1990, ikakataa mikopo ya riba kwa ajili ya nyumba, ikaelekeza watu kwenye njia nyingine za kisharia. Ni kweli Baraza la Fatwa la Ulaya lilitoa rukhsa mwaka 1999, lakini kwa masharti, na kwa Waislamu wa nchi ambazo hawana njia mbadala. Sisi Kenya tuna mabenki ya Kiislamu tangu 2008: Gulf African Bank, na First Community Bank ambayo tangu 2023 yaitwa Premier Bank. Basi rukhsa ya asiye na maji haimfai aliyesimama kando ya kisima, hata kama kamba ya kisima hicho ni ndefu na yachosha mikono.

Miongoni mwa njia za halali ni ushirika wenye kupungua. Tuseme nyumba ni ya shilingi milioni 3. Wewe watoa 600,000 na benki yatoa 2,400,000; basi mwamiliki pamoja, wewe fungu moja na benki mafungu manne. Wakaa ndani, ukilipa kodi kwa fungu la benki, na wakati huo huo wanunua fungu hilo kidogo kidogo. Kila fungu lako likizidi, kodi yapungua, mpaka nyumba yote iwe yako.

Lakini msidanganyike na jina la Kiarabu juu ya karatasi. Ulizeni swali moja: nyumba ikiungua, hasara ni ya nani? Ikiwa kila mshirika abeba hasara kwa kadiri ya fungu lake, huo ni ushirika. Ikiwa hasara yote ni yako na benki haiguswi, rudini kwa wanavyuoni kabla ya kutia sahihi.

Jambo la tatu: Aliyekwama

Mtu huachishwa kazi, au biashara ikafa, au maradhi yakala akiba. Na deni halingoji. Huyu ana haki katika sheria ya nchi na ana haki katika dini, na mara nyingi hazijui zote mbili.

Sheria ya Ardhi ya 2012 yasema kwamba mdaiwa akishindwa kulipa kwa mwezi mmoja, mdai aweza kumpelekea ilani kwa maandishi, nayo yampa muda usiopungua miezi mitatu kurekebisha. Ukipita, yaja ilani ya kuuza, isiyopungua siku 40. Na dalali wa mnada naye hutoa ilani yake ya siku 45. Mpaka nyumba iuzwe, mdaiwa ana haki ya kulipa na kuikomboa. Nyumba ya mume na mke haiwekwi rehani bila ridhaa ya wote wawili. Na mdai ametakiwa atafute bei nzuri ipatikanayo. Akiuza kwa bei iliyo chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, huhesabiwa amevunja wajibu wake mpaka athibitishe vingine.

Tazameni basi, ni miezi mingapi hiyo! Lakini mtu wetu hupokea barua akaificha chini ya godoro kwa haya, hata mkewe asijue, mpaka siku dalali anaposimama mlangoni. Haya hapa si katika imani. Na aende kwa mdai mapema, aombe kupunguziwa au kupangiwa upya.

Ama katika dini, Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Suratul-Baqara kwamba mdaiwa mwenye dhiki angojwe mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Na katika Suratut-Tawba amewataja wenye madeni miongoni mwa mafungu manane ya zaka. Wengi hudhani kuwa mwenye nyumba hana haki ya zaka. Sivyo. Kwa wanavyuoni wa Kishafii, nyumba ya kukaa inayomlaiki mtu haimtoi katika ufukara. Basi aliyekopa kwa haja ya halali akashindwa, fungu lake lipo. Na aliyekopa kwa riba, atubu kwanza, kisha atazamwe.

Zaidi ya zaka, kila msikiti waweza kuwa na mfuko wa karadha njema. Watu 50 wakitoa shilingi 1,000 kila mwezi, kwa mwaka ni shilingi 600,000. Fedha hizo zaweza kulipa malimbikizo ya nyumba kadhaa, kisha zikarejea zikaokoa nyingine. Ziandikwe daftarini kwa mashahidi, kama tulivyoamrishwa katika Aya ya Deni, ili fadhila isigeuke ugomvi. Na asiseme mtu kuwa hatuna uwezo, ilhali tunayoyatumia katika siku tatu za harusi twayajua.

Mwisho, jirani yako akinadiwa, usiwe wa kwanza kwenda kupatana na dalali ili bei ishuke upate wewe. Nenda kwanza kwa jirani, umuulize amepungukiwa na ngapi. Huenda kilichomshinda ni kidogo, na kwa watu kumi ni chepesi.

Mwenyezi Mungu atusitiri majumbani mwetu, awalipie wenye madeni madeni yao, na atuepushe na riba, dhahiri yake na siri yake. Wallahu aalam.