Ukitaka kutafiti ubongo kwa picha

Daktari kijana anayeingia radiolojia huvutiwa kwanza na mashine. Kwa anayetaka kutafiti multipo sklerosisi (MS), mashine ndiyo sehemu rahisi. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili hushambulia mayelini, utando unaofunika nyuzi za mishipa ya fahamu. Kazi yako itakuwa kufuatilia madhara yake ubongoni na kwenye uti wa mgongo, mwaka baada ya mwaka.

Shule yake ni ndefu. Kwa Tanzania ni miaka 5 ya shahada ya udaktari, mwaka 1 wa mafunzo ya vitendo hospitalini, kisha miaka 3 ya uzamili wa radiolojia, kwa mfano katika chuo kikuu cha MUHAS. Ubobezi wa ubongo huja baada ya hapo, lakini usiusubiri ndipo uanze utafiti.

Anza kwa kujua mabaka, yaani sehemu zilizoathiriwa na ugonjwa, hukaa wapi. Vigezo vya McDonald vya kutambua MS, vilivyotolewa 2001 na kurekebishwa mara kadhaa, vinadai ushahidi kwamba ugonjwa umepiga sehemu tofauti na, kwa kawaida, nyakati tofauti. Basi soma kila MRI kwa mpangilio uleule: kandokando ya vyumba vya maji ya ubongo, kwenye gamba la ubongo na chini yake tu, shina la ubongo na serebelamu, mwisho uti wa mgongo. Mabaka marefu yanayochomoza kutoka kwenye vyumba vya maji huitwa vidole vya Dawson, kwa heshima ya James Dawson wa Edinburgh aliyeyaeleza 1916, zamani kabla ya MRI. Baka linalong'aa baada ya sindano ya gadolini ni jipya, na mng'ao wake kwa kawaida hudumu wiki chache. Ndiyo maana picha ya siku moja inaweza kukuonyesha la zamani na jipya pamoja.

Wengi huteleza kwa kudhani kila baka jeupe ni MS. Shinikizo la damu, umri, kipandauso na VVU navyo huacha mabaka, na katika hospitali zetu hivyo ndivyo utakavyokutana navyo zaidi. Fungua faili la mgonjwa kabla ya kuandika ripoti. Afadhali zaidi, omba kukaa kliniki ya neva mara kwa mara: utaona mwenye mabaka tele anatembea vizuri, na mwenye machache anashindwa kusimama. Utafiti unaohesabu mabaka tu hauwezi kueleza tofauti hiyo.

Kupima unaweza kujifunza sasa hivi, kwenye kompyuta ya kawaida. Programu ya ITK-SNAP ni bure, na inakuwezesha kuchora mpaka wa kila baka. Chora mabaka ya picha kadhaa, ziache wiki mbili, uchore upya bila kuchungulia za mwanzo. Majibu yakipishana sana, namba zako zinapima mkono wako, wala si ugonjwa. Picha za kulinganisha zipigwe kwa mashine na mipangilio ileile, la sivyo utachapisha mabadiliko ya mashine. Pata kibali cha maadili, na ufute majina ndani ya faili za picha kabla hazijatoka hospitalini.

Halafu mtafute daktari wa neva wa kushirikiana naye kabla hujatafuta ufadhili. Bila yeye hutapata wagonjwa wa kufuatilia.