Somo: Kutoa Sauti ya Kinanda cha Zamani kwa Waya

Ibada ikijaa hadi uani, walio nje huimba nyuma ya walio ndani kwa neno zima, maana kinanda hawakisikii. Tulijaribu kuweka maikrofoni mbele ya kinanda. Ikapiga mluzi na kuokota kila kikohozi. Ndipo tukaamua kuitoa sauti kwa waya.

Kwanza tukijue chombo. Mmarekani Laurens Hammond alitoa kinanda chake cha umeme mwaka 1935. Ndani yake magurudumu madogo ya chuma huzunguka mbele ya sumaku zilizoviringishiwa waya, na hapo huzaliwa mkondo dhaifu wa umeme. Katika kinanda kidogo cha M-3, kilichotengenezwa tangu 1955 hadi 1964, mkondo huo hukuzwa na amplifaya ya valvu, kisha huenda kwenye spika iliyomo humo humo.

Sasa tukiri kosa letu. Tulifunga nyaya za spika moja kwa moja kwenye amplifaya ya kanisa. Sauti ilikwaruza, na baada ya muda tundu lile likafa. Sababu ni hesabu tu: wati 12 kwenye spika ya ohmu 8 ni karibu volti 10, lakini tundu la kupokea huhitaji kama volti 1. Tulimimina debe katika kikombe.

Njia iliyo sawa ni hii:

1. Spika ya kinanda ibaki imefungwa. Amplifaya ya valvu ikipigwa bila spika, transfoma yake yaweza kuungua, na kupata nyingine ni taabu.

2. Toka kwenye ncha moja ya spika, funga rezista ya ohmu 10,000. Mwisho wake ufungwe rezista ya ohmu 1,000, inayorudi kwenye ncha ya pili ya spika. Juu ya rezista hii ndogo tunapata sehemu moja tu ya kumi na moja, yaani chini kidogo ya volti 1.

3. Kati ya hapo na tundu jipya, weka transfoma ndogo ya sauti ya moja kwa moja (1:1). Sauti hupita, lakini nyaya za vyombo viwili hazigusani. Hivyo mvumo hupungua.

Ukisikia mvumo bado, usikate kamwe waya wa ardhi kwenye plagi. Waya huo ndio unaomlinda mpigaji.

Vijana wetu, sikilizeni hasa hapa. Ndani ya amplifaya ya valvu mna umeme wa volti mia kadhaa, na kapasita huushika hata baada ya plagi kuchomolewa. Kuzima si kumaliza hatari. Kazi hii ifanywe na fundi anayezijua valvu, anayepima kwa mita kabla ya kugusa. Ninyi mshike taa na kujifunza. Kinanda kikiharibika tutaimba bila kinanda. Kijana hana badala.

Maswali ya kujipima:

(a) Kwa nini spika isiondolewe?
(b) Spika ikiwa na volti 11, tundu jipya litapata volti ngapi?
(c) Kwa nini kuchomoa plagi hakutoshi?

Atakayeyajibu yote bila kurudi juu amefaulu.