SOMO: SHERIA, KANUNI NA AMRI YA BEI YA UMEME

Chama cha msingi chenye mashine ya kusaga au kinu cha kukoboa kahawa hakina budi kufahamu ni kanuni ipi ya umeme inayotumika leo na ni ipi iliyokwisha nguvu. Somo hili lahusu Tanzania.

Sheria ya kwanza tutakayoitaja ilitungwa na wakoloni mwaka 1931. Iliuvuka Uhuru, ikalikuta Azimio la Arusha, ikadumu hadi ilipofutwa na Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Wakati huo Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilikwisha kuundwa kwa sheria ya mwaka 2001, nayo ilianza kazi mwaka 2006.

Sheria hupitishwa na Bunge. Kanuni hutungwa chini ya sheria na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Amri ya bei hutolewa na Mamlaka, nayo ndiyo ibadilikayo upesi kuliko zote. Sheria mama ikifutwa, kanuni zake huishi tu kwa kadiri sheria mpya ilivyoziruhusu. Kwa hiyo msomaji aanze na vifungu vya mwisho vya sheria mpya, ambavyo wengi wetu hatuvifikii. Hotuba ya mkutanoni, hata ikipigiwa makofi, si kanuni.

Tazameni gharama ya kuunganishiwa umeme wa njia moja, pasipohitajika nguzo. Hadi mwisho wa mwaka 2012 ilikuwa shilingi 455,108. Mwezi Januari 2013 ikashushwa: vijijini shilingi 177,000, mijini shilingi 320,960. Baadaye wateja wa mijini nao wakatozwa shilingi 27,000 kama wa vijijini. Na mwezi Januari 2022 mijini ikarudishwa shilingi 320,960, vijijini ikabaki 27,000. Mtunza hazina aliyeandika makisio ya ofisi ya mjini kwa karatasi ya mwaka 2021 alipungukiwa na shilingi 293,960 kwa kila mita, wala hakuna aliyemdanganya: karatasi yake ilikuwa ya kweli siku ilipoandikwa.

Chama kinachofikiria mtambo wake mdogo wa maji kijue kwamba kusamehewa leseni si kusamehewa kuandikishwa, wala kanuni za usalama.

Kabla ya kubadili bei, Mamlaka huitisha mkutano wa taftishi, na yeyote aweza kutoa maoni. Asiyeridhika na uamuzi aweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Kamati imtume mjumbe akiwa na ankara za kinu za miezi kumi na miwili, uniti zilizotumika na kilo zilizokobolewa. Malalamiko yasiyo na hesabu husikilizwa kwa adabu tu.