KAZI YA KWANZA YA MTUMISHI MPYA WA NG'OMBE WA MAZIWA

Msomaji asishangae kuwaona ng'ombe katika kijitabu cha mazao. Majani ni zao, kama vile mahindi yalivyo zao. Tofauti ni kwamba mahindi huvunwa kwa mkono, nayo majani huvunwa kwa ulimi wa ng'ombe. Asiyejua kutunza majani hatapata maziwa ya kutosha, hata akiwa na ng'ombe wa asili bora.

Somo hili ni la kijana anayeanza kazi katika shamba dogo lenye ng'ombe watatu mpaka kumi wanaolishwa malishoni, kama mashamba yaliyopo katika nyanda za juu za Njombe. Katika shamba la namna hiyo hakuna msimamizi wala karani. Yupo mwenye shamba, upo wewe, na wapo ng'ombe. Kwa hiyo jambo usiloliona wewe, huenda lisionwe na mtu mwingine mpaka limekuwa hasara.

1. Kukamua

Ng'ombe hupenda desturi. Ukimkamua saa kumi na moja alfajiri leo, mkamue saa iyo hiyo kesho, na jioni vilevile. Usimpige wala usimpigie kelele. Ng'ombe aliyeogopa hufunga maziwa yake, na hata ukivuta namna gani hatayaachia. Fuata taratibu hii:

(a) Kata kucha, nawa mikono kwa sabuni, na ufunge nywele au uvae kofia.

(b) Safisha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, kisha ukikaushe kwa kitambaa safi. Kila ng'ombe awe na kitambaa chake. Kitambaa kimoja kwa ng'ombe wote hueneza ugonjwa wa kiwele.

(c) Kamua michirizi miwili au mitatu ya kwanza ya kila chuchu katika kikombe kilichofunikwa kitambaa cheusi. Juu ya weusi huo utaona mara moja kama maziwa yana mabonge, majimaji au damu. Usiimwage michirizi hiyo chini, maana utatawanya ugonjwa bandani.

(d) Shika chuchu kwa kiganja chote, uminye kutoka juu kwenda chini. Usivute kwa vidole viwili, maana chuchu huumia ndani.

(e) Fanya upesi. Ukishasugua kiwele, maziwa huteremka kwa dakika chache tu, tano mpaka saba hivi. Ukiondoka katikati kwenda kuzungumza na jirani, mengine yatabaki kiweleni.

(f) Ukimaliza, chovya kila chuchu katika dawa ya chuchu. Kisha mpe ng'ombe majani hori lake ili asimame kwa muda wa nusu saa. Tundu za chuchu hukawia kufunga, na akilala kwenye tope mapema, uchafu huingia.

Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele akamuliwe mwisho, baada ya wenziwe. Maziwa ya ng'ombe aliyetiwa dawa yasichanganywe na ya kuuza mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa. Ukiyachanganya kwa bahati mbaya, sema kabla mkebe haujaondoka shambani. Chuja maziwa kwa kitambaa safi, uuweke mkebe katika maji baridi mara moja. Maziwa ya kunywa nyumbani yachemshwe kwanza, kwani homa ya kutupa mimba na kifua kikuu vyaweza kumfikia mtu kwa njia ya maziwa mabichi.

2. Kutunza malisho

Mtumishi mpya hudhani kuwa kuchunga ni kufungua mlango wa boma na kukaa kivulini. Sivyo. Gawanya malisho katika vipande, na ng'ombe wale kipande kimoja huku vingine vikipumzika. Kwa majani ya kikuyu, yanayoota vizuri katika baridi ya milimani, tumia kipimo cha mkono wako: ingiza ng'ombe majani yakifika urefu wa shibiri moja, na uwatoe yakibaki vidole vinne. Yakiliwa mpaka ardhini hukawia sana kuchipua. Yakiachwa kuwa marefu mno hugeuka mashina magumu, nayo maziwa hupungua.

Wakati wa mvua kipande huhitaji kama wiki tatu au nne za kupumzika. Wakati wa baridi na ukavu, yaani kuanzia Juni hivi, huhitaji muda mrefu zaidi. Basi usihesabu siku peke yake, tazama majani. Palipo na klova nyingi, usiwaingize ng'ombe wenye njaa asubuhi wakati wa umande. Wape kwanza majani makavu, ama matumbo yao yatajaa hewa, na ng'ombe aweza kufa katika muda mfupi.

Maji yawepo mchana kutwa. Katika kila lita kumi za maziwa, zaidi ya lita nane ni maji. Ng'ombe asiyekunywa atayatoa wapi?

3. Kuona na kusema

Kazi zote zilizotajwa hapo juu mtu aweza kujifunza katika mwezi mmoja. Lakini iko kazi moja ambayo yafaa uianze siku ya kwanza, hata kabla mikono haijazoea kukamua. Kazi hiyo ni kuona na kusema.

Nitaeleza jambo lililonipata mimi mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi wa stashahada, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, nilifanya kazi ya mikono miezi mitatu katika shamba la mama mmoja mjane. Alikuwa na ng'ombe wanne, na kwa maziwa yao alisomesha watoto. Mmoja wa ng'ombe hao aliitwa Tumaini. Siku ya Jumatatu, katika wiki yangu ya tatu, nilimwona Tumaini amesimama nyuma ya wenzake, masikio yamelegea, wala hakula kwa hamu. Maziwa yake yalipungua lita moja. Nilipompapasa, nilikuta tezi iliyo chini ya sikio imevimba, nayo kupe wa kahawia wamejaa ndani ya sikio.

Jumapili yake nilikuwa nimemwaga ndoo ya maziwa, na mama alikuwa amenikaripia. Nikaona haya. Nikajiambia, nikienda sasa na habari ya kupe, atajua kuwa sikukagua masikio wiki nzima. Nikawang'oa kupe, nikanyamaza. Jumanne nilinyamaza. Jumatano nilinyamaza, na Tumaini akaanza kukohoa. Alhamisi mama mwenyewe alimwona.

"Mwanangu, hali hii umeiona tangu lini?"

"Tangu Jumatatu, mama."

"Mbona hukuniambia?"

Sikuwa na jibu. Bwana mifugo alifika Ijumaa akamchoma sindano, lakini ndigana kali ilikuwa imekwisha kuingia mapafuni. Jumanne Tumaini akafa, povu likimtoka puani. Mama hakunifukuza. Aliniambia maneno machache: "Kutojua si kosa, mwanangu. Ulinificha, na kwa kunificha umeniondolea siku nne." Maneno hayo nimeyachukua katika kazi yangu mpaka leo.

Sasa sikiliza sababu. Ndigana kali huletwa na kupe wa kahawia wa masikioni. Kupe huyo akishika leo, kwa kawaida haambukizi papo hapo. Huchukua siku kadhaa za kunyonya kabla vijidudu havijawa tayari kuingia katika damu. Kwa hiyo kuogesha ng'ombe kwa ratiba, na kukagua masikio kila siku, humzuia kupe kabla hajatimiza kazi yake. Na ugonjwa ukiisha kuingia, dawa ipo, lakini hufaa zaidi siku za kwanza, wakati wa homa na tezi. Ng'ombe akifikia kukohoa na kuhema, tumaini hupungua. Hivyo siku moja ya kunyamaza si sawa na siku nyingine yoyote.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua boma, tazama mambo haya matano:

(a) Je, wote wamesimama na kuja horini?
(b) Je, wanacheua?
(c) Je, masikio na tezi zake zikoje?
(d) Je, mavi ni ya kawaida, au ni maji au magumu?
(e) Je, maziwa ya kila mmoja yamepungua kuliko jana?

Andika maziwa ya kila ng'ombe katika daftari, asubuhi na jioni. Daftari husema kweli hata mtu anapoona haya. Na ukimwona ng'ombe anasimama kimya akipandwa na wenzake, andika saa na umwambie mwenye shamba siku hiyo hiyo. Akionekana asubuhi, apandishwe jioni. Akionekana jioni, apandishwe asubuhi inayofuata. Ukikosa, itakubidi kungoja kama siku 21 nyingine.

4. Neno kwa mwenye shamba

Mtumishi hatasema kama kila asemapo hukaripiwa. Mpokee hata akileta habari ya bure mara kumi, kwa kuwa ya kumi na moja huenda ikamwokoa ng'ombe. Tena patana naye mapema, kwa maandishi, juu ya mshahara, saa za kazi na siku ya kupumzika. Ng'ombe hukamuliwa hata Jumapili, lakini mtu hawezi kufanya kazi siku saba pasipo kuchoka. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka saa 45 kwa wiki kuwa kikomo cha saa za kawaida, pamoja na mapumziko ya kila wiki. Macho yaliyochoka hayaoni kupe.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini michirizi ya kwanza hukamuliwa juu ya kitambaa cheusi?
2. Majani ya kikuyu yakiwa na urefu gani ng'ombe watolewe?
3. Ng'ombe ana homa na tezi za masikio zimevimba. Utafanya nini kwanza, na kwa nini usingoje kesho?
4. Jana umekosea, na leo umeona ng'ombe mgonjwa. Utamwambiaje mwenye shamba?

Swali la nne lijibu kwanza moyoni mwako, kabla hujaanza kazi.