Dondoo muhimu: Unapoisikiliza amplifaya mpya mara ya kwanza

Kabla ya yote, sawazisha sauti ya amplifaya unazozilinganisha. Amplifaya inayopiga juu kidogo tu kuliko mwenzake, sikio huidhania bora, na wauzaji wanalijua hilo. Weka vitufe vya besi na trebo katikati, zima vikorombwezo vyote, kisha piga wimbo unaoujua mpaka pale mwimbaji anapovuta pumzi. Taarabu ya Unguja inafaa sana: nyuzi za kanuni zisikike moja moja, si rundo la kelele, na fidla isikwaruze.

Wati zisikutishe. Kutoka wati 50 hadi 100 unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ndogo kwa sikio. Angalia zaidi omu, yaani ukinzani wa spika: spika za omu 4 huvuta umeme mwingi kuliko za 8, na amplifaya dhaifu itachemka.

Nyaya za spika ziunge mashine ikiwa imezimwa, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ukigeuza za spika moja, besi inakonda na mwimbaji hajulikani amesimama wapi. Wengi huilaumu amplifaya bure. Na kama spika zako zenyewe zimechoka, pesa ianzie huko.