Kutafuta Vipepeo Siku ya Sabato

JUMANNE

Soma Zaburi 111:2, Isaya 58:13, 14, Marko 2:27. Ni wakati gani kutazama kazi za Mungu hugeuka kuwa shughuli ya mtu mwenyewe?

Mtunga zaburi anasema kazi za Bwana huchunguzwa na wanaopendezwa nazo. Kuchunguza huchukua muda, na anayetafuta vipepeo adimu analijua hilo. Kiwavi hali kila jani. Aina nyingi hutegemea mimea michache tu, hivyo mtafutaji huanza kwa kuujua mmea. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano huzunguka mindimu ya uani kwa sababu hapo ndipo anapotaga mayai. Kiwavi wake mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, na wengi humpita (mwenye mti akimtambua, humponda). Baadhi ya vipepeo wa msituni hawajali maua. Hufuata matunda yaliyooza, ndiyo maana watafutaji huning'iniza mitego ya wavu yenye ndizi mbovu.

Mwaka 1869 Roland Trimen, mtumishi wa serikali huko Cape Town aliyependa vipepeo, alichapisha jambo lililowashangaza wengi. Dume mmoja wa manjano mwenye mikia, na majike kadhaa wasio na mikia, waliodhaniwa kuwa aina mbalimbali, wote walikuwa aina moja. Majike hao huiga rangi za vipepeo ambao ndege huwakwepa kwa ladha yao mbaya.

Sasa mfikirie kijana wa Jang'ombe anayefanya kazi Jumapili hadi Ijumaa. Alasiri ya Sabato ndiyo nafasi yake pekee ya kufika Jozani, msitu ulio kilomita 35 hivi kutoka mjini. Daftari lake lina orodha, na kuna kipepeo mmoja ambaye hajamwona bado. Akienda, ameivunja Sabato? Wapo watakaosema upesi kwamba ameivunja. Wapo watakaosema upesi vilevile kwamba maumbile ni kitabu cha pili cha Mungu, basi hana kosa. Wote wamejibu kabla ya kumtazama kijana mwenyewe.

Isaya anaonya juu ya kufuata anasa zetu katika siku ya Bwana, na katika fungu hilohilo anataka Sabato iitwe siku ya furaha. Kijana huyu hakosei kufurahi. Lakini akirudi amenuna kwa sababu orodha haikuongezeka, au akiwakataza watoto wa kanisani wasifuatane naye kwa kuwa kelele zao huwafukuza vipepeo, kikundi kina jambo la kuzungumza naye. Wavu na mtego vibaki nyumbani. Pale Pete, jirani na Jozani, wanakijiji hufuga vipepeo kwa ajili ya riziki. Kutoka kutazama hadi kufanya kazi ni hatua fupi. Watoto waende naye, hata kama yule adimu hataonekana.

Ni shughuli gani unayoipenda sana ambayo ungeiita ibada ili uifanye siku ya Sabato? Nani huachwa nyuma unapoifanya?

Kijana huyu angekuwa mshiriki wa darasa lenu, mngemwambia nini kabla ya Ijumaa jioni?