Unyevu katika Mashine ya Kuangulia Mayai

Mara ya kwanza tulipotia mayai 30 katika mashine yetu, vifaranga 11 tu walitoka. Tulipoyavunja yaliyosalia, tulikuta wengi wamekwisha kuota manyoya, nao wamekufa ndani ya ganda. Joto lilikuwa sawasawa, digrii 37.5, kosa lilikuwa katika maji.

Ganda la yai lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho. Kwa vitundu hivyo yai hupumua na kupoteza maji. Kufikia siku ya 18 yapasa lipoteze kadiri ya sehemu 12 katika 100 za uzito wake, yaani yai la gramu 60 libaki na gramu 53 hivi. Ndipo chumba cha hewa kilichoko upande butu huwa kikubwa cha kumtosha kifaranga kuvuta pumzi ya kwanza. Unyevu ukizidi, chumba hicho huwa kidogo na kifaranga hufa maji. Ukipungua mno siku ya kutoka, utando hukauka ukamgandama, asiweze kugeuka.

Basi shika kanuni hii. Siku 18 za kwanza unyevu uwe 50 hadi 55 kwa mia. Siku tatu za mwisho uwe 65 hadi 70. Ukitaka kuuongeza, weka chombo kipana zaidi, si kirefu zaidi kwenda chini, kwa maana maji hugeuka mvuke usoni pake tu. Pima mayai kwa mizani kila juma. Tena, baada ya siku ya 18 usifungue mlango ovyo, kwani mvuke hutoka mara moja.

Safari ya pili tulifuata hayo, na vifaranga 24 walitoka.